Mimba ya Pili na Mtoto Mkubwa Bado Mdogo: Panga Pesa za Simu Kabla ya Siku ya Kujifungua

Mama, kama uko na mimba na kifunguamimba wako bado anavaa nepi, huhitaji mtu akueleze maana ya kuchoka. Asubuhi uji unachemka, kichefuchefu kinapanda, mtoto anataka kubebwa, na mteja wako wa kwanza tayari anapiga simu kuuliza kama mzigo umefika. Siku kama hiyo simu inakuwa mkono wako wa tatu. Unalipa maziwa bila kutoka kwa nyumba, unanunua tokeni za stima mtoto akiwa mapajani, unamtumia boda pesa ya kumpeleka mtoto kwa shosho yake.

Sasa jiulize swali moja. Usiku ule uchungu utakapokushika, ukiwa umeinama ukutani na huwezi hata kushika simu, nani atalipa gari?

Wengi hujibu, "Bwanangu anajua PIN yangu," au, "Dadangu nilimwambia PIN." Jibu hilo lina shida, na katika somo hili tutaonyesha njia nyingine. Tunataka saa hiyo ikifika pesa zako ziweze kufanya kazi bila wewe, na PIN yako ibaki kuwa yako peke yako. Yote mawili yanawezekana ukianza mapema.

Hatua ya 1: Jua pesa zako zinapotelea

Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja au miwili halipi vitu vikubwa kila siku. Analipa vidogo vidogo vingi: maziwa, mkate, nepi mbili tatu za rejareja, mtungi wa maji, nauli ya kliniki, panado. Ukiongeza mimba, kunaingia matunda, hamu ya vitu usivyopanga, na siku ambazo umechoka hadi unanunua chakula kilichopikwa.

Fungua taarifa ya matumizi kwenye simu yako, ya mwezi mmoja uliopita, na uitazame kwa utulivu mtoto akiwa amelala. Tafuta mambo matatu.

Kwanza, umetoa pesa kwa ajenti mara ngapi? Ada hukatwa kila unapotoa. Tuseme ada ni shilingi 30. Ukitoa 500 mara nne, umelipa 120. Ukitoa 2,000 mara moja na ada ya kiwango hicho iwe ile ile, umelipa 30. Angalia jedwali la ada kabla ya kutoa, kwa sababu viwango hupanda kwa ngazi. Hiyo tofauti ni nauli ya kliniki.

Pili, umenunua nini kidogo kidogo ambacho ungeweza kununua kwa pamoja? Nepi ni mfano mzuri. Nepi moja moja dukani huwa bei juu kuliko pakiti.

Tatu, umekopa kwa simu mara ngapi, na ada ya mikopo hiyo ilifika ngapi ukijumlisha? Mkopo mdogo wa kumaliza siku hauonekani mkubwa. Lakini ukikopa Jumatatu, pesa inayoingia Jumanne inakatwa kwanza, na Jumatano unakopa tena. Ni vyema mtindo huo uishe kabla ya miezi ya mwisho, maana wakati huo mapato yako yatapungua.

Hatua ya 2: Weka mfuko wa siku ya kujifungua

Mimba huhesabiwa wiki 40, lakini usipange akiba yako iishe wiki ya 40. Mtoto anaweza kuja mapema. Panga iwe tayari wiki ya 36.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza nguo za mitumba, na ameingia wiki ya 20. Hadi wiki ya 36 amebakisha wiki 16, yaani siku 112. Akiweka shilingi 100 kila siku, atakuwa na 11,200. Anaweza kuzigawa hivi:

- Mchango wa SHA wa mwaka: 3,600
- Gari la usiku kwenda hospitali: 1,500
- Vitu vya mtoto na vya mama (pamba, shuka, nepi, nguo): 2,500
- Mtu wa kukaa na mtoto mkubwa kwa siku tatu: 1,500
- Dharura: 2,100

Hesabu yako inaweza kuwa tofauti. Kama 100 ni nyingi, anza na 50. Kwa siku hizo hizo utapata 5,600. Muhimu ni pesa hizi zikae kando na salio la matumizi. Zikiwa pamoja na pesa za mboga, zitaliwa na mboga. Tumia akaunti ya akiba ya kwenye simu, na kama ina sehemu ya kufunga pesa hadi tarehe fulani, ifunge hadi wiki ya 36, si zaidi. Akiba haiozi, lakini akiba iliyofungwa hadi mwezi wa saba wakati mtoto anakuja mwezi wa sita haitakusaidia leba.

Tazama tena ile mistari mitano. Wengi husahau wa nne. Kwa mimba ya kwanza ulienda hospitali peke yako na mkoba. Safari hii kuna mtu mdogo anayebaki nyuma, anayelia usiku, anayekula mara tano kwa siku. Jirani mwema atakaa naye bila malipo, lakini hatakosa kuhitaji pesa ya maziwa na nepi.

Hatua ya 3: SHA si kama Linda Mama

Mtoto wako mkubwa huenda alizaliwa wakati wa NHIF, chini ya mpango wa Linda Mama. Kama ni hivyo, usifikirie utaingia hospitali kwa utaratibu ule ule. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Kuwa ulikuwa na kadi ya zamani hakutoshi.

Fanya haya ukiwa bado na nguvu ya kutembea:

1. Jisajili kwa *147# au kwenye kituo cha afya. Kama ulishajisajili, hakikisha majina na nambari ya kitambulisho ni sawa.
2. Ongeza wategemezi wako, akiwemo huyo mtoto mkubwa.
3. Maliza tathmini ya mapato. Kwa mtu asiye na ajira ya mshahara, mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, na hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa kuwa hulipwa wa mwaka mzima, kiwango cha chini ni 3,600. Ndiyo maana tumeuweka juu kabisa kwenye orodha ya akiba.
4. Ukilipa kwa simu, usifute SMS ya uthibitisho. Ipige picha ya skrini na umtumie mtu atakayekusindikiza.
5. Uliza hospitali unayotaka kujifungulia ni huduma gani inalipiwa na SHA hapo, na ni nini utalipa mwenyewe. Uliza ukiwa kliniki, usingoje uulizwe ukiwa leba.

Na ukiwa kliniki, unganisha safari. Mtoto wa miezi 18 anadungwa chanjo ya pili ya surua. Watoto chini ya miaka mitano hupewa vitamini A kila baada ya miezi sita, na dawa ya minyoo wakishafika mwaka mmoja. Muulize muuguzi kama siku yako ya kliniki inaweza kuwa pia siku ya mtoto. Nauli moja, foleni moja, na humwachi mtoto kwa jirani. Beba kile kitabu cha mama na mtoto cha kila mmoja.

Hatua ya 4: Linda simu dhidi ya vidole vidogo

Mtoto wa miaka miwili anapenda simu kuliko wanasesere wote uliomnunulia. Ukimpa atulie ndio upumzike kidogo, hatukulaumu. Lakini vidole hivyo vinaweza kubonyeza PIN isiyo sahihi mara kadhaa hadi huduma ifungwe. Vinaweza kufuta SMS ya malipo ya hospitali. Vinaweza kujaza maji ya kuoga kwenye simu, na hilo hutokea.

Kwa hivyo:

- Weka kufuli kwenye skrini, na kufuli ya pili kwenye programu ya pesa.
- Kama simu yako inakubali kubana programu moja kwenye skrini, mbanie ile ya katuni tu.
- Usiache menyu ya pesa ikiwa wazi. Maliza muamala kwanza, ndipo umpe.
- PIN isiwe mwaka aliozaliwa mtoto wako. Ploti nzima ilikuja kula keki siku ya bathdei yake, kila mtu anaujua.
- Usiandike PIN nyuma ya kitabu cha kliniki. Kitabu hicho hushikwa na watu wengi.

Jambo lingine ambalo mama wengi hulipuuza ni jina la usajili wa laini. Laini yako imesajiliwa kwa jina la nani? Kama ilisajiliwa na bwanako, kakako au mwajiri wa zamani, siku simu ikipotea au ikianguka ndani ya ndoo ya maji hutaweza kurudishiwa laini bila mtu huyo kuwepo. Hutaki kugundua hivyo wiki ya 38. Nenda dukani na kitambulisho chako ubadilishe usajili sasa.

Hatua ya 5: Siku yenyewe, nani atalipa?

Tumefika kwa lile swali la mwanzo. Kwa nini tunakataa umpe hata mtu unayempenda PIN?

Sababu ya kwanza ni kwamba PIN ikishatoka hairudi. Ukimpa dadako usiku wa leba, mwezi ujao bado anaijua, na anayemsikia akiitamka mbele ya dereva wa teksi anaijua pia. Sababu ya pili ni kwamba pesa zikipotea kwa PIN sahihi, kwetu muamala unaonekana umefanywa na wewe, na kuzifuatilia huwa ngumu. Sababu ya tatu ni ya nyumbani. Pesa ikikosekana baada ya kujifungua, hutajua umuulize nani, na undugu unaharibika kwa sababu ya shilingi elfu mbili.

Njia yetu ni rahisi: hamisha pesa kabla, usihamishe PIN.

1. Chagua mtu mmoja atakayekusindikiza. Awe mtu anayelala karibu, anayeshika simu usiku, na ambaye simu yake huwa na chaji. Kama bwanako anafanya kazi Mombasa na wewe uko Kayole, yeye atasaidia kwa kutuma pesa, lakini msindikizaji awe mwingine.
2. Chagua mtu wa pili wa kukaa na mtoto mkubwa. Asiwe yule yule. Mmoja hawezi kuwa hospitali na nyumbani kwa wakati mmoja.
3. Ukifika wiki ya 36, mtumie msindikizaji pesa ya gari tu. Katika mfano wetu ni 1,500. Mwambie wazi kwamba ni amana na isiguswe. Mtumie wa pili pesa ya maziwa na nepi za siku ya kwanza.
4. Zingine zibaki kwako, na uzitumie mwenyewe ukiwa umetulia. Hospitali nyingi hazitaki malipo yote dakika ya kwanza.
5. Andika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: nambari ya msindikizaji, ya jirani, ya dereva wawili wa teksi unaowaamini, na nambari ya paybill au till ya hospitali pamoja na jina linalopaswa kutokea ukilipa. Bandika ukutani mahali mtoto hafiki.
6. Ongea na wale madereva mapema. Waulize kama hufanya kazi usiku, na bei ya usiku ni ngapi. Saa nane usiku si wakati wa kupatana bei.

Msindikizaji wako akitumia pesa hizo, atakutumia ujumbe wa malipo. Kama hazikutumika kwa sababu uchungu ulikushika mchana na jirani akakupeleka bure, atazirudisha. Hesabu iko wazi na hakuna aliyeshika siri ya mwenzake.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo lililo kubwa kuliko pesa. Ukitokwa na damu, ukiumwa na kichwa vibaya, ukiona giza machoni, uso na mikono ikivimba, ukipata homa kali, maji yakitoka mapema, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo. Usingoje mshahara, usingoje bwana atume, usingoje mkopo ukubaliwe. Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Nenda kwanza, pesa zitapangwa ukiwa huko.

Hatua ya 6: Matapeli wanajua umechoka

Mtu aliyelala saa tatu na ana mtoto anayelia mgongoni husoma SMS kwa haraka. Tapeli anategemea hapo. Hizi ndizo hila za kuangalia:

"Samahani mama, nimetuma pesa kwako kimakosa, nirudishie." Unaona SMS inayofanana na ya kweli. Usirudishe kitu. Angalia salio lako kwanza. Kama halijaongezeka, hakuna pesa iliyokuja. Na hata kama imeongezeka, usiitume mwenyewe kwa nambari anayokupa. Mwambie apigie huduma kwa wateja, pesa irudishwe kwa utaratibu.

"Napiga kutoka SHA, tunamsajili mtoto wako mchanga, tupatie PIN." PIN haihitajiki kumsajili mtoto yeyote popote. Kata simu.

"Mgonjwa wenu yuko theatre, tumeni pesa ya damu haraka." Simu hii hupigiwa jamaa zako ukiwa leba, simu yako ikiwa imezimwa. Ndiyo maana familia yako inafaa kujua mapema: malipo ya hospitali yanaenda kwa paybill au till ile iliyo kwenye karatasi ya ukutani, na habari zako zinatoka kwa msindikizaji mmoja tu. Nambari ya kibinafsi ya mtu anayejiita daktari isitumiwe hata shilingi.

Ukilipa popote, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukituma kwa mtu asiye sahihi, ripoti papo hapo. Ukingoja hadi jioni, huenda aliyezipokea ameshazitoa.

Hatua ya 7: Wiki za kwanza nyumbani

Umerudi, kuna kichanga, na kuna mkubwa wake anayeuliza huyu mgeni ataenda lini. Biashara imelala. Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili, na baba wiki mbili. Kama unajiajiri, likizo yako ni ile akiba ya dharura, kwa hivyo usiimalize kwa sherehe ya kumwona mtoto.

Wageni watakutumia pesa za pongezi. Siku zikiingia, peleka sehemu moja kwa akiba kabla hujazoea kuziona kwenye salio. Lipia stima na maji ya mwezi mzima kama unaweza, ili usifikirie bili ukinyonyesha usiku. Na usikose kutafuta cheti cha kuzaliwa ndani ya miezi sita, kabla hujaingia kwenye usajili wa kuchelewa. Ile taarifa ya kuzaliwa uliyopewa hospitali ihifadhi mahali salama, mbali na kalamu za yule mkubwa.

Jipime

1. Uko wiki ya 30. Akiba yako yote imefungwa hadi wiki ya 42. Utafanya nini?
2. Shemeji anataka PIN yako "ili asaidie siku hiyo." Utamjibuje?
3. Umepata SMS ya kupokea 3,000 kutoka kwa usiyemjua, na anapiga simu akilia. Unaanza na nini?
4. Nani atakaa na mtoto mkubwa, na ana pesa ya maziwa?

Majibu: (1) Uliza masharti ya kuifungua mapema, na kuanzia leo weka akiba mpya mahali unapoweza kuifikia. (2) "Shem, asante. PIN sitatoa, lakini nitakutumia pesa ya gari ukae nayo." (3) Salio. (4) Hilo ni lako kujibu. Kama huna jina bado, mpigie mtu simu leo mtoto akilala.